Korosho 84 juu ya mkeka: jinsi tunavyopanga hela ya nyumba hapa Newala

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Naandika kutoka Newala. Ni baba wa watoto wanne, mkulima wa korosho. Mama watoto anakaanga vitumbua asubuhi na mchana anauza barafu za ubuyu. Mshahara sina. Nasoma nyuzi nyingi za kupanga matumizi na karibu zote zinaanza na "ukishapokea mwisho wa mwezi". Sisi wa huku mwisho wa mwezi unakuja mikono mitupu na kuondoka mikono mitupu. Hela yetu inaanza kuonekana kwenye minada ya mwezi wa kumi, ikichelewa ni wa kumi na moja, na Krismasi ikifika kwa kawaida imeshaingia yote. Humo humo ndimo itakapotoka chumvi ya mwezi wa nane mwakani.

Mwaka huu korosho zimeanza kudondoka, na vijana wa kangomba, wale wanunuzi wa mlango wa nyuma, nimeshawaona wanapita jioni na mizani zao. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hela haijaingia, kwa baba mwenzangu aliyepo pale nilipokuwa mimi.

Nianze na kosa langu. Wenye mikorosho mnaukumbuka msimu wa 2017, bei mnadani iligusa 4,000 kwa kilo. Baada ya makato nilibaki na zaidi ya milioni tano na nusu, hela ambayo sijawahi kuishika kabla wala baada. Mke wangu hakujua ni ngapi. Nilimwambia "tumepata kidogo, Mungu mkubwa", nikampa laki tatu za vitenge na sare za watoto. Nyingine ikabaki mikononi mwangu peke yangu, bila mpango wowote zaidi ya hamu. Nikanunua pikipiki iliyotumika, seti ya sofa, na redio kubwa ya spika nne. Ndugu wakasikia. Kila aliyekuja na shida aliondoka na chochote, maana huku mwenye korosho akikunja mkono wakati wa msimu anasemwa hadi misibani. Mwezi wa tatu tulikuwa tunakopa unga dukani, tunaulia kwenye sofa jipya.

Mwezi wa nane 2018 mtoto wa tatu akaugua, nikachukua kangomba. Kwa asiye wa huku: mtu mwenye hela anakupa fedha leo, wewe unamlipa korosho zikidondoka, kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka inapita mlango wa nyuma, kwa sababu mwezi wa nane nyumba nyingi zina mikorosho yenye maua na sufuria tupu. Mimi nilipewa 400,000 kwa ahadi ya kilo 400. Mwezi wa kumi na moja Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo. Zile kilo zangu zingekuwa 1,320,000. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mara nyingi sana. Nilipoteza 920,000 kwa kukosa 400,000 za mwezi wa nane, wakati miezi michache tu nyuma nilikuwa na milioni tano. Na hizo korosho zilizobaki, malipo yake msimu ule yalichelewa kama mnavyojua, tukaingia 2019 tunadai.

Lakini kilichonigeuza ni siku moja ya mwezi wa nne 2020. Shule zilikuwa zimefungwa kwa corona, watoto wote wako nyumbani. Natoka shamba, jembe begani, nakuta wanawake watano wamekaa barazani kwangu, kimya, mikoba magotini. Mke wangu yuko ndani hatoki. Binti yangu mkubwa, darasa la saba wakati huo, amesimama mlangoni kashika ufagio, hapishi mtu. Nikasalimia, wakaitikia kwa heshima zote. Hawakuwa wabaya, walikuwa wenzake wa kikundi. Mke wangu alikuwa na mkopo wa kausha damu, laki tatu, marejesho kila Jumatatu, na Jumatatu mbili mfululizo hakuwa nayo. Mikopo ile mwenzako asipolipa mnalipa nyie, kwa hiyo wanakuja kukaa kwako mpaka kieleweke. Jioni ile waliondoka na redio. Pikipiki niliiuza wiki iliyofuata kumalizia deni.

Usiku nilimuuliza alikopa ya nini. Nilikuwa na hasira, nilidhani nitasikia habari ya nguo. Akanitajia kwa vidole: maji, kusaga, sare, dawa ya kifua ya mtoto wa mwisho, maji tena. Kisha akasema, "Ningekuomba wewe ungeniambia huna. Na mimi sikuwahi kujua kama kweli huna au unayo."

Hapo sikuwa na la kujibu. Mimi nilimficha kipato, yeye akanificha deni, tunalala kitanda kimoja.

Msimu wa 2020 nilipima kilo 1,750. Baada ya makato kwangu ilitua 2,400 kwa kilo, yaani 4,200,000. Ujumbe wa benki ulipokamilika nilimsomea mke wangu tarakimu moja moja. Alininyang'anya simu akasoma mwenyewe.

Nilitaka na watoto waelewe, lakini kumwaga milioni nne sebuleni ni hatari na ni majaribu. Nikatandika mkeka, nikachota korosho ghafi kutoka debe la mbegu. Korosho moja, 50,000. Zikawa 84. Binti akazihesabu kumi kumi, mdogo wake akawa anazigeuza zote zielekee upande mmoja, migongo juu, zile korosho za kijivu zinazoteleza mkononi. Taa ilikuwa juu yetu, na mtoto wa mwisho tulimshika mikono asitie mdomoni, maana ganda lile linaunguza.

Fungu la kwanza tulilipa shamba. Mke wangu alitaka shule itangulie, nikamwambia shamba ndilo mama wa hizo nyingine zote, tukabishana, akanikubalia. Korosho 14: palizi, kupogolea, vibarua, dawa, mafuta ya mashine ya kupulizia. Hata mwaka ambao salfa inakuja kwa ruzuku, haiji na mtu wa kuipuliza, na ugonjwa wa ubwiriunga ukishaingia kwenye maua hausubiri ukope. Deni la dukani, 5. Shule ya mwezi wa kwanza, 8. Elimu bila ada tunayo tangu 2016 na nashukuru, lakini binti alikuwa anaingia kidato cha kwanza na sare, viatu, madaftari, begi na michango havina "bila".

Zikabaki 57. Sasa mwaka ule ilikuwa zamu ya binti kuchezwa unyago. Mke wangu na kaka yake walishakubaliana milioni moja na laki mbili: ngoma, muziki, nguo, vyakula, watu wa kutoka Tandahimba na Nanyamba. Akahesabu korosho 24 akaziweka pembeni. Zikabaki 33. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa kumi mwakani ni miezi kumi na moja. Tukapanga tatu tatu, mafungu kumi na moja madogo, yamejipanga kwenye mkeka kama mashimo ya bao.

Binti akanyanyua zile tatu za mwezi wa pili, akaziweka kiganjani. "Baba, hizi ndizo unga, na maji, na umeme, na kila kitu?"

"Ndizo hizo, mama."

Akazirudisha mahali pake, akanyamaza. Hakuomba chochote kipunguzwe. Mama yake ndiye aliyenyoosha mkono kwenye fungu la unyago akaanza kuvuta korosho moja moja, bila kusema neno, mpaka akavuta 16. Zikabaki nane.

Msinielewe vibaya kuhusu unyago. Sipo hapa kuutukana kama wengine wanavyofanya wakitaka kuonekana wamesoma. Binti yangu amechezwa na amefundwa, na mdogo wake wa kiume jando ameenda. Lakini ngoma ya siku tatu iliyokula miezi minane ya chakula hatukuachiwa na wazee. Wazee wetu walichezesha kwa nafaka iliyokuwepo ghalani.

Kazi ikabaki kwa mjomba. Sisi Wamakonde, kama Wamwera na Wayao, ukoo wetu kwa asili unafuata kwa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Baba huwezi kuamka ukasema nimekata. Nilimfuata shemeji kwake na zile korosho nane mfukoni, nikazitandaza mezani, nikamweleza kila fungu. Alikaa nazo muda mrefu. Mwisho akasema ana mabinti wawili kwa dada zake wengine, kwa nini wasichezwe pamoja, kungwi mmoja, ngoma moja, chakula tuchange nyumba tatu. Ikawa hivyo likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Mabinti watatu walitolewa siku moja, wamevaa sare, na sijasikia mtu aliyesema tumepungukiwa.

Nane zikatoka, zikabaki 49. Nne kila mwezi kwa miezi kumi na moja, 44. Tano za dharura mke wangu akazifunga kwenye kitambaa.

Hela yenyewe ipo benki. Korosho zipo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Tarehe moja ya kila mwezi mtoto mmoja anatoa korosho nne koponi, mimi naenda kutoa 200,000. Kopo likipungua kila mtu anaona. Mwaka wa tano huu sasa, na sijarudi kangomba.

Nitarudi kujibu maswali. Nasikia mbuzi shambani.

Mchangiaji, Masasi

Mkuu heshima yako, umeandika mambo ya kweli. Ila hapo kwa watoto sikubaliani nawe. Mtoto akijua baba ana milioni nne, kesho mtaa mzima unajua, na keshokutwa unapigwa hodi usiku. Mimi wangu wanajua tu kwamba baba anahangaika. Mke aambiwe, sawa, lakini watoto waachwe wasome.

Mchangiaji, Lindi mjini

Mimi ni mama. Nimesoma mpaka mwisho na nimefurahi kwamba umesema ulificha, wengi hawasemi. Swali langu moja. Vitumbua vya mama watoto vimo kwenye zile 84 au havimo? Nauliza kwa sababu nimeona kwa macho yangu: mwanamke akianza kuonyesha hela ya biashara yake, mwanamume anaanza kupunguza ya kwake. Leo anaacha mboga, kesho anaacha sabuni, mwisho nyumba nzima inasimama kwenye karai la mafuta ya vitumbua. Halafu mtaji ukikatika ndipo kausha damu inapoingia. Huyo mkeo hakukopa kwa kupenda.

Mleta uzi

Nimerudi.

Ndugu yangu wa Masasi, uliyosema yametokea kweli. Mwaka wa kwanza kijana wangu alisema madrasa kwamba baba ana korosho 84 mkekani kila moja elfu hamsini. Wiki hiyo hiyo jirani akaja kukopa laki mbili. Nilimwonyesha kopo. Nikamwambia toa mwezi unaoona familia yangu isile. Alicheka, akaomba elfu kumi, nikampa kutoka zile za dharura, akarudisha. Tangu hapo watoto tumewaambia mambo ya mkeka ni ya mkekani. Ila kuwaficha siwezi tena. Unasema wako wanajua tu kwamba baba anahangaika. Wangu walikuwa wanajua hivyo hivyo, na kila walipotaka kitu walilia, kwa sababu mtu asiyejua kiasi silaha yake ni kulia. Siku hizi kijana akitaka viatu vya mpira anauliza, "Baba, mwezi gani?" Namtajia mwezi, ananyamaza, na mwezi ukifika ananikumbusha. Na mimi sina pa kukwepea, maana niliahidi mbele ya kopo.

Dada yangu wa Lindi, havimo. Umenigusa panaponiuma. Tulikubaliana hivi: hela ya vitumbua inanunua mboga ya siku na vitu vyake mwenyewe, na mtaji hauguswi na mtu. Mboga kwetu si kubwa sana, kisamvu na mbaazi ni vya shamba, ni dagaa au vibua siku zikiwapo. Mwezi wa tano 2022 nilivunja mimi mwenyewe. Tairi la baiskeli lilipasuka, nikachukua 12,000 kwenye mkebe wake wa unga wa mchele bila kumwambia, nikidhani nitarudisha kabla hajaona. Asubuhi hakukaanga. Wateja wanakuja na visahani, wanarudi. Alisimama uani anatazama jiko limepoa, hakunigombeza hata kidogo, na nilitamani angegomba. Nilimrudishia kutoka kwenye korosho za dharura siku ile ile, na mkeka wa jioni nikasema mbele ya watoto kwamba baba alichukua bila ruhusa.

Kausha damu hajaigusa tena. Yuko kwenye kikoba cha wanawake kumi na tano wa mtaa wetu, wanaweka hisa kila Ijumaa, wanagawana mwezi wa kumi na mbili. Riba ipo, lakini inarudi kwao.

Mchangiaji, Mtwara mjini

Mkuu, nami niongeze ya mjini. Mimi ni bodaboda hapa Chikongola, hela naipata kila siku na kila siku inaisha, kwa hiyo shida yangu ni kinyume na yako. Nachojifunza kwako ni kopo. Ila mambo mawili ambayo watu wanayapuuza. La kwanza, LUKU, umeme wa kununua kwa uniti. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, ukikaa ndani ya uniti 75 kwa mwezi bei ya uniti ni 100 kabla ya kodi na tozo, ukipita hapo uniti za juu zinaruka hadi 350. Sisi tulikuwa tunapita kwa uniti tano sita kwa sababu ya pasi ya umeme na friji lisilofunga vizuri. Nilibadilisha mpira wa mlango wa friji, basi. Na kodi ya jengo inakatwa humo humo, 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo usishangae ununuzi wa kwanza wa mwezi kuleta uniti pungufu.

La pili, barabara. Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilipokatika kule Somanga, hapa Mtwara tuliona bei za dukani zinapanda siku kwa siku, na mimi petroli ndiyo jembe langu. Wazee wanaokumbuka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 wanasema kila masika ilikuwa hivyo. Tangu Hidaya nyumbani kwangu mwezi wa pili tunanunua mchele, sukari na sabuni vya miezi mitatu. Mke wangu anaita fungu la barabara.

Mleta uzi

Bodaboda wa Chikongola, asante. Hilo la fungu la barabara nalichukua, sisi huku juu tukipata bei ya Mtwara tunaongezea na nauli ya kupanda.

Nilisahau kusema jambo ambalo ndilo limetuokoa kuliko yote, nalo ni maji. Wa bondeni hamuwezi kujua. Newala ipo juu ya uwanda, kisima cha kuchimba kwa jembe hukipati, na bomba lina siku zake. Mvua zetu ni za mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne, baada ya hapo ni kununua. Mwaka wa kwanza wa mkeka, mwezi wa sita, binti ndiye aliyeandika kwenye kaunta buku kila dumu lililoingia nyumbani. Dumu la lita 20 tulikuwa tunanunua 500. Kwa siku madumu sita, kwa kufua na mifugo na barafu za mama. 3,000 kwa siku. Mwezi ulipoisha akajumlisha, akapata 90,000, akadhani amekosea, akajumlisha tena.

Karibu nusu ya zile korosho nne tulikuwa tunazinywa na kuzifulia. Miaka yote ile nilidhani hela inaliwa na ndugu na sherehe, na sherehe zilikula kweli, lakini maji yalikuwa yanakula kila siku kimya kimya na mimi sikuwahi kuyaandika, kwa sababu maji ni kazi ya mama na watoto, baba anayakuta kwenye ndoo.

Mwaka 2022 tukafunga mkanda, hatukununua nguo za sikukuu, mbuzi wawili wakauzwa, tukajenga kisima cha kuvunia mvua uani: mifereji kwenye bati, shimo, saruji, nondo, fundi na vibarua. 1,400,000. Ukipiga miezi minne tu kati ya ile mikavu, kwa 90,000, hiyo ni 360,000 kwa mwaka, kisima kinajilipa mwaka wa nne. Usiku wa mvua ya kwanza tulitoka wote na tochi kusikiliza maji yakiingia chini. Mtoto wa mwisho aliweka sikio sakafuni. Mke wangu alisema, "Sikia hela hiyo inaingia."

Na afya, nimeulizwa pembeni. Miaka yote hii tumelipia CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nasi ni sita kamili. Haifiki hata korosho moja. Haitibu kila kitu, lakini malaria na kifua cha mdogo havijawahi tena kunipeleka kwa mtu wa kangomba.

Mchangiaji, Masasi

Nimekuelewa zaidi kuhusu watoto. Nitaanza na mkubwa kwanza.

Mchangiaji, Ruangwa

Mleta uzi, mimi nalima ufuta na mbaazi, mikorosho ninayo michache. Ufuta unanilipa mwezi wa sita na wa saba, mbaazi zinafuata, korosho mwezi wa kumi na moja. Unaweza kudhani nina nafuu, kumbe kila hela inakuta imeshadaiwa na iliyopita. Ya ufuta inaingia wakati wa mavuno, chakula kipo tele, hakuna anayeiona njaa, kwa hiyo inaenda kwenye bati, simu, harusi, na Nane Nane pale Ngongo. Mwezi wa pili ndiyo nakumbuka. Mkeka wako ungeutandika mara ngapi ungekuwa mimi? Mara tatu kwa mwaka au mara moja ukingojea zote?

Mleta uzi

Ndugu wa Ruangwa, swali lako nimekaa nalo tangu jana. Ningekuwa wewe, nadhani ningetandika mwezi wa saba, siku ya ufuta, wakati tumbo limeshiba, na ningeanza kupanga mafungu kutoka nyuma: mwezi wa pili kwanza, wa tatu, wa kwanza, ndipo nirudi kwenye miezi ya shibe. Mbaazi ningeziachia shule, maana zinalipa karibu zaidi na mwezi wa kwanza. Korosho zako chache zikawa za dharura. Lakini sijalima ufuta wa kuuza, na hesabu ya mtu mwingine haivaliki kama shati. Kama kuna mwana Nachingwea au Liwale humu anayeishi kwa ufuta aje atuambie anagawaje, nami nataka kujua.

Kwangu leo ni tarehe moja ya mwezi wa tisa. Asubuhi binti mkubwa kapiga simu. Yuko kidato cha tano, mbali na nyumbani, ameripoti mwezi wa saba. Baada ya salamu akauliza kopo lina ngapi. Nikamwambia zilikuwa nane, mdogo wako katoa nne asubuhi hii.

"Na zile za kwenye kitambaa, baba?"

"Zipo tatu."

Akanyamaza kidogo. Anajua mbili zilikwenda wapi, ni nauli yake, godoro lake na sanduku. Halafu akaniambia nimwambie mama kwamba madaftari bado anayo, ya mwezi huu asitumiwe.